Jino langu limebaki Mukurweini: ukivunjika au kung'oka jino, ufanyeje?

Wengi wenu huko nyumbani mkisikia Mukurweini mwaniuliza kama ni Nairobi. Si Nairobi. Ni kaunti ya Nyeri, vilima juu ya vilima, kahawa na majani chai kwenye miteremko, na karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Mimi mzaliwa wa Kuze, Mombasa, nimeletwa huku na ualimu, nasomesha Kiswahili. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye tope, nikaanguka kwa uso. Niliinuka na jino moja la mbele la juu mkononi, na la pembeni yake limekatika ncha.

Kosa la kwanza nililifanya papo hapo barabarani. Nililipangusa jino kwa leso, nikausugua mzizi hadi ukawa mweupe, nikalifunga kwenye karatasi ya shashi nikalitia mfukoni. Kwa daktari wa meno mjini Nyeri nilifika saa tano baadaye. Alilitazama, akatikisa kichwa: "Mwalimu, unakaa Mukurweini, maziwa kila nyumba, na jino unaniletea kwenye karatasi?"

Hili ndilo ambalo ningependa kila mzazi wa pwani alijue. Jino la ukubwani lililong'oka zima laweza kurudishwa. Mzizi wake umevikwa ngozi nyembamba yenye chembe hai, ndizo zinazoushikanisha na mfupa. Zikikauka au zikisuguliwa, zimekufa. Basi lishike jino upande wa kutafunia, mzizi usiuguse. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo tu, ulirudishe mahali pake, kisha uume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi, si maji ya mfereji, na ukimbie kwa daktari. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa. Likikaa kavu zaidi ya saa moja, tumaini ni dogo. Daktari hulifunga kwa meno jirani na waya mwembamba kwa wiki mbili hivi, na kwa mtu mzima mzizi husafishwa baadaye. Jino la utoto halirudishwi, kwani laweza kudhuru la ukubwani linaloota chini yake. Na ukiwa umeanguka kwenye udongo, uliza habari ya sindano ya pepopunda.

Langu, basi, likawa limekwenda. Lile lililokatika ncha lilitengenezwa siku hiyo hiyo. Daktari alilipaka dawa ya kulikwaruza kidogo, akajenga ncha mpya kwa kompoziti, ule mchanganyiko wa rangi ya jino unaokauka kwa taa ya buluu. Nusu saa, kwisha. Haina nguvu ya jino lenyewe, kwa hiyo kashata na kufungua chupa kwa meno nimeambiwa nisahau.

Alipochungulia nyuma akaona gego langu lenye tundu, ambalo kliniki moja nyingine ilikuwa imeshaniambia ling'olewe tu. Yeye alipiga picha kwanza. Uozo ulikuwa umefika kwenye mshipa, lakini mzizi bado ulikuwa imara. Jino la namna hiyo husafishwa ndani ya mizizi, likazibwa, kisha likavishwa kofia ili lisipasuke, maana gego lililosafishwa mizizi na kuachwa bila kofia huvunjika upesi. Ni ghali kuliko kung'oa, sikatai. Lakini ukishang'oa, yale ya pembeni huanza kulalia pengo, la upande wa pili hushuka kutafuta mwenzake, na mfupa wa hapo hupungua. Sisi husema "la nyuma halionekani". Tumbo linaliona.

Pengo la mbele ndilo lililonitesa. Jaribu kusomesha fasihi bila jino la juu. "Fasihi" yenyewe haitamkiki, "thamani" inatoka na upepo, "dhamira" inakuwa neno jingine kabisa. Darasa la vijana arubaini lilikuwa na adabu kwa dakika kumi hivi.

Kwa pengo daktari alinipa njia tatu. Ya kwanza ni pleti, jino la bandia la kuvaa na kuvua. Ni rahisi kuliko zote na haichongi jino lolote. Ubaya wake hucheza mdomoni, na wiki ya kwanza mate yanajaa kama unanusa achari. Usiku huvuliwa na kulazwa kwenye maji baridi. Maji ya moto huipinda.

Ya pili ni daraja. Meno mawili ya pembeni huchongwa yakavikwa kofia zilizoungana na jino la bandia katikati. Ni imara na halivuliwi, ila mimi lilinitia shaka: kwa nini nichonge jino zima lisilo na kosa? Kuna daraja dogo lenye bawa linalogandishwa nyuma ya jino jirani, lenye kuchonga kidogo sana, lakini jirani yangu mmoja ndiye yule aliyekatika ncha.

Ya tatu ni kipandikizi: skrubu ya titani huingizwa kwenye mfupa, na jino hukaa juu yake. Mswidi Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua kuwa mfupa huishika titani kana kwamba ni sehemu yake, na mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1965. Mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kushika. Mvutaji sigara, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kipandikizi kushindwa, na kwetu pwani wenye sukari si haba. Bei niliyotajiwa ilipita mshahara wangu wa mwezi.

Nikachagua pleti. Swali lililonisumbua halikuwa la daktari: josho na udhu je? Nilimpigia maalim wangu. Akanikumbusha kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua ni sunna, kwa hiyo pleti haizuii tohara. Ukiweza kuivua, vua.

Jambo moja zaidi. Kuna mafundi wa vichochoroni wanaobandika jino kwa gundi kwa bei ya chini, na meno jirani huoza chini yake. Anayekutibu awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Orodha iko kwenye tovuti yao, na kuulizia si utovu wa adabu.

Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi, nitateremka na pleti yangu na "fasihi" itatamkika. Kipandikizi nakiwekea akiba. Shosho anayeniuzia maziwa alinionea huruma, akanipa kikombe chenye kifuniko. "Mwalimu," akasema, "ukianguka tena, pitia kwangu kwanza."