Seva za CentOS 7 zimebaki bila matengenezo

Wafanyabiashara wengi waliweka hesabu zao kwenye seva za CentOS 7 kwa kuwa programu hiyo ni ya bure na haisumbui. Hata hivyo, matengenezo yake ya bure yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Mashine bado inawaka na ankara zinatoka kama kawaida, ila kasoro mpya ikitangazwa haizibwi, na wezi nao husoma matangazo hayo.

Mwekezaji anayetaka kuweka fedha katika duka linalouza kwa intaneti na aulizie hilo kabla ya gawio. Fundi akiandika cat /etc/os-release jibu hutokea papo hapo.

Kuhamia AlmaLinux au Rocky Linux hakudai ada ya leseni. Gharama ni siku za fundi. Wapo pia wanaouza matengenezo ya ziada, lakini yanamfaa zaidi asiyeweza kuhama upesi.

Kwanza, nakala ya data iwekwe nje ya seva na ijaribiwe kurudishwa. Kisha zima uingiaji wa SSH kwa neno la siri, utumie ufunguo. Hapa wengi hujifungia nje: jaribu ufunguo kwenye dirisha la pili kabla ya kufunga la kwanza.