Mtoto akiangukia usukani wa baiskeli, usidharau alama ya tumboni

Jioni ya Jumamosi mtoto wako wa miaka tisa anaingia uani akikokota baiskeli ndogo aliyoazima kwa jirani. Goti limechubuka na analia kidogo. Unamuosha, unampa uji. Ukimvua shati unaona tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu, alama nyekundu ya duara, ukubwa wake kama kifuniko cha soda. Anasema haimuumi sana. Unalishughulikia goti, maana ndilo linalotoka damu.

Mzazi, goti hilo litapona. Alama ile ya duara ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Ukipita kwenye maduka ya baiskeli za mitumba utaziona zile fupi zenye magurudumu ya inchi 20 na usukani mpana ulioinuka. Ndizo BMX. Zilianzia California, Marekani, miaka ya 1970, watoto walipoanza kuiga mashindano ya pikipiki kwenye vumbi, na mwaka 2008 mbio zake ziliingia Olimpiki kule Beijing. Ulaya na Marekani mtoto anayeanza anaweza kupelekwa kwenye ukumbi wa ndani uliojengewa miteremko ya mbao, na hukaguliwa helmeti na vikinga vya magoti na viwiko kabla hajapanda. Karagwe na Kyerwa mteremko hauhitaji fundi seremala. Mtoto anaupata akitoka tu nyumbani, na mwisho wake kuna mtaro, mgomba, au bodaboda inayopanda.

Hata hivyo, ajali ninayoizungumzia haihitaji mteremko mkali. Anayejifunza huanguka akiwa katika mwendo wa pole, mara nyingi anapokata kona. Gurudumu la mbele linageuka ghafla, upande mmoja wa usukani unagusa ardhi, upande wa pili unasimama ukimwelekea. Anaangukia ncha ile kwa uzito wake wote, na uzito huo unaishia kwenye eneo dogo kama sarafu. Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba, misuli haijakomaa, na mbavu zake ni laini kiasi kwamba zinapinda bila kuvunjika na kuacha viungo vya ndani vipokee kishindo. Kwa nje ngozi inabaki na doa tu.

Ndani, kushoto, kuna wengu. Kulia kuna ini. Katikati, kongosho na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba vimelala mbele ya uti wa mgongo, kwa hiyo usukani ukisukuma kutoka mbele vinabanwa kwenye mfupa. Wengu au ini likipasuka, damu huvujia tumboni, na mtoto anaweza kuishiwa damu bila tone moja kuonekana nje. Utumbo au kongosho likiumia, dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi, hata siku moja au mbili. Ndiyo maana wazazi wengi husema, "Lakini jana alikuwa anacheza."

Kwetu Kagera kuna jambo la kuongeza. Malaria inayojirudia hutanua wengu, na wengu uliotanuka hutoka chini ya kinga ya mbavu na kupasuka kwa pigo dogo. Mtoto mwenye selimundu naye, hasa akiwa mdogo, anaweza kuwa na wengu mkubwa. Kama umewahi kuambiwa na daktari kwamba mtoto wako ana wengu uliovimba, huyo asijifunze baiskeli kwanza. Muulize daktari lini itawezekana.

Malaria inatuponza kwa njia nyingine pia. Mtoto akitapika Jumapili na kuchemka kidogo Jumatatu, wazo la kwanza la kila mtu ni malaria. Anapelekwa kupimwa, na kipimo kinaweza kweli kuonyesha vimelea. Anapewa dawa, anarudishwa nyumbani, na hakuna aliyetaja baiskeli. Mtoto mwenyewe hasemi, hasa kama baiskeli ni ya kuazima na aliipanda bila ruhusa. Ukimkuta na tumbo linalouma, muulize swali hilo kabla ya kufoka: ulianguka? Uliangukia nini? Kiboko kikiwa mkononi hutapata jibu la kweli.

Bibi naye atasema ni mchango, na atataka kumkanda tumbo kwa maji ya moto au mafuta. Mzuie kwa heshima, lakini mzuie. Tumbo lililopigwa halikandwi, maana kidonda cha wengu kilichoanza kuziba kinaweza kufunguka chini ya vidole vyake. Usimpe dawa ya mitishamba wala chakula kabla hajaonwa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache kabisa, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona alama ya usukani tumboni pamoja na maumivu, hata kama mtoto anatembea. Nenda kwa haraka zaidi akiwa anatapika, hasa matapishi ya kijani. Tumbo likiwa gumu au linavimba. Akiwa amepauka, ana jasho la baridi, au mapigo ya moyo yanakimbia. Mkojo ukitoka mwekundu, au wa rangi ya chai ya rangi, figo au kibofu kinaweza kuwa kimeumia. Kuna dalili moja inayowachanganya watu: mtoto analalamika bega la kushoto linauma, na ukilikagua halina jeraha. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo cha kupumulia, maumivu yake husikika begani. Ukiona hivyo baada ya kuanguka, usipake dawa ya kuchua, ondoka.

Niseme "hospitali" kwa makusudi. Zahanati ya kijiji itasaidia kumwekea dripu na kuandika rufaa, ila zahanati nyingi hazina altrasaundi, hazina damu ya kuongezea wala chumba cha upasuaji. Aliye Karagwe ana Nyakahanga, aliye Kyerwa ana Isingiro, na wanaohitaji zaidi hupelekwa Bukoba au Bugando, Mwanza. Ukitoka mbali, tuseme Murongo, tafuta gari mtoto alale. Bodaboda iwe pale tu ambapo gari limekosekana kabisa.

Ukifika, sema sentensi moja mapema, hata kwa mtu wa mapokezi: "Ameangukia usukani wa baiskeli, tumboni." Taja na saa aliyoanguka. Usiseme tu "tumbo linamuuma", kwa sababu utawekwa kwenye foleni ya minyoo na malaria. Na ukiambiwa alazwe kuangaliwa ilhali altrasaundi haijaonyesha kitu, kubali. Jeraha la utumbo linaweza lisionekane kwenye kipimo cha kwanza, na mkono wa daktari unaorudi kuligusa tumbo kila baada ya saa chache una kazi kubwa. Wazazi wengi huogopa kisu. Siku hizi watoto wengi waliopasuka wengu hupona bila upasuaji, kwa kulazwa, kupumzika kitandani na kupimwa damu mara kwa mara, mradi wamefika mapema na wana mtu wa kuwaangalia.

Kichwa na kiwiko nitavigusa kwa kifupi. Aliyepiga kichwa akapoteza fahamu, akatapika zaidi ya mara moja, akawa mzito kuamka au akatokwa maji masikioni au puani, huyo haisubiri asubuhi. Kiwiko kilichovimba baada ya mtoto kujikinga kwa mkono kifungwe na kitambaa katika mkao uleule kilio nao, kisinyooshwe. Angalia vidole: vikiwa baridi, vimepauka au vina ganzi, mshipa wa damu umebanwa na unahesabu saa, si siku. Waunga mifupa wa vijijini hukaza vijiti mpaka mkono unakosa damu, na nimeshaona mikono iliyokatwa kwa sababu hiyo.

Sasa baiskeli yenyewe, maana sikusudii umnyang'anye. Ishike usukani uangalie ncha zake. Ile mipira ya kushikia ikiwa imekwisha na chuma kimetokeza wazi, bomba hilo hukata kama kisu cha kukatia maandazi. Mipira mipya haigharimu sana. Ukiikosa, ziba tundu kwa kigingi cha mti kilichokazwa vizuri, kisha zungushia ukanda wa tyubu kuukuu mpaka ncha iwe nene na butu. Haitazuia kishindo chote, itapunguza.

Halafu breki. BMX nyingi za mitumba hufika zikiwa na breki moja, au waya tu unaoning'inia, na mtoto anabaki kusimamisha gurudumu kwa ndala. Baiskeli ya namna hiyo isishuke mteremko hata mmoja, iwe ya fundi kwanza.

Na kama ndiyo kwanza anaanza, ondoa pedali zote mbili kwa spana namba 15. Ya kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, wengi huivunja hapo. Shusha kiti mpaka nyayo zake zikae chini kamili, mpeleke kwenye uwanja wa shule uliokauka, umwache ajisukume kwa miguu. Akishaweza kuinua miguu yote miwili na kuserereka bila kuyumba, rudisha pedali. Ni bora kuliko kumpa baiskeli kubwa ya baba, ambayo huiendesha amepitisha mguu ndani ya fremu, usukani ukiwa sawa na kifua chake.

Aliyelazwa kwa jeraha la wengu au ini atatamani kurudi uwanjani mara tu maumivu yakiisha, na hapo ndipo kuna hatari ya kuvuja tena. Baiskeli, mpira na kupanda miti vinasubiri kwa wiki kadhaa, mpaka daktari aliyemwona aseme tarehe. Mwambie aiandike kwenye kadi ya kliniki.