Mwanasaikolojia hatoi dawa: alisoma nini, na anasaidia namna gani?

Hapa kwetu, mutu akiambiwa aende kumuona mwanasaikolojia, swali la kwanza ni: "Kwani mimi niko na wazimu?" Wengine wanawaza mara moja SOSAME ya Bukavu ao Tulizo Letu ya Goma, na haya inawazuia kutoka nyumbani. Tufasirie basi kazi hii.

Munganga wa magonjwa ya akili alisomea uganga, na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia alisomea namna mutu anawaza, anasikia moyoni na anaishi na wengine. Kazi yake inapita kwenye mazungumuzo, lakini mazungumuzo yenye mupango, si kupiga story tu.

Tutwae mufano wa Patricia Resick, mwanasaikolojia wa Marekani, juu kazi yake ilifika mpaka Kivu. Alipata doktora kwenye chuo kikuu cha Georgia, kisha akafundisha Missouri, muji wa St. Louis. Huko alichunguza hali ya wanawake waliobakwa. Baadaye alitumika Boston, kwenye kituo kinachochunguza maumivu ya moyo ya wanajeshi waliotoka vitani. Kufuatana na yale aliyosikia kwa wanawake wale, alitengeneza njia ya vikao 12.

Njia ile inasimama juu ya wazo moja: kisha tendo baya, mutu anabaki na sentensi fulani kichwani, na sentensi ile inamufunga. Kwa mufano, mama alishikwa na watu wenye silaha njiani kwenda shamba. Kila siku anajiambia: "Ni kosa langu, singeenda siku ile." Jamaa wanamwambia: "Sahau, mama, omba Mungu." Yeye anajaribu kusahau, anaacha kwenda shamba, anakimbia watu, na usingizi haurudi.

Mwanasaikolojia hamwambii "si kosa lako" na kumaliza hapo. Anamuuliza: Asubuhi ile ulijua nini? Watoto wangekula nini kama haungeenda? Nani alichagua kutenda ubaya? Mama mwenyewe anapima sentensi yake, anaona fasi haisimame. Vikao vya mwisho vinagusa mambo 5: usalama, kuaminia watu, uwezo juu ya maisha yake, heshima yake mwenyewe, na ukaribu na wengine.

Swali ni hili: njia ya Marekani inaweza kusaidia mama wa kijiji ambaye hakusoma? Wachunguzi waliipima katika vijiji 16 vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, na matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Vijiji fulani vilipata njia ile: kikao 1 cha mutu peke yake na 11 vya kikundi. Vingine vilipata musaada wa kawaida, mutu mumoja mumoja. Karatasi za kujaza zilirahisishwa, wamama wakashika masomo kwa kichwa. Tena, hakuna aliyelazimishwa kuhadisia kikundi namna alivyobakwa. Hilo ni jambo kubwa kwa mama anayeogopa siri yake itoke inje.

Miezi 6 kisha vikao, katika vikundi wanawake 9 tu juu ya 100 walibaki na alama za huzuni nzito ao wasiwasi mukali. Kwa wale wa musaada wa kawaida, walikuwa 42 juu ya 100.

Walioongoza vikundi vile hawakuwa na doktora. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia, wanawake wa Kongo, wengine na miaka 4 tu ya masomo kisha shule ya musingi. Lakini walifundishwa njia ile, na walikuwa na wakubwa wa kazi waliowafuatilia. Hapo ndipo penye siri: diplome inahesabika, lakini kufundishwa vizuri na kufuatiliwa vinahesabika pia.

Basi ukipelekwa kwa mutu anayejiita mwanasaikolojia, uko na haki ya kumuuliza: Ulisomea wapi? Nani anafuatilia kazi yako? Tutakutana mara ngapi, na kwa kusudi gani? Siri yangu utaichunga namna gani? Mwenye kujua kazi yake hatakasirika.

Mambo mawili yasingoje. Aliyebakwa afike kituo cha afya haraka, mbele ya saa 72, apate dawa za kukinga virusi vya UKIMWI. Na mutu anayesema anataka kujiua, musimuache peke yake: mumusindikize kwenye kituo cha afya siku ileile. Mazungumuzo ya moyo yatakuja kisha.