Goti la Mpagazi

Tangu mwaka 2002, mawe ya kasiteriti yazaayo bati yalipogunduliwa katika kilima cha Bisie, ndani kabisa ya msitu wa Walikale, na kwa miaka mingi baadaye, kabla kampuni ya mgodi haijapasua barabara ya kufikia pale, hapakuwa na gari lililoweza kuitoa mali hiyo msituni. Yote ilitoka juu ya mabega ya watu. Kijana alitwishwa gunia la kilo 50, akashika njia ya miguu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 40, akipanda na kushuka, akivuka mito juu ya magogo yaliyolazwa, akalala njiani, na siku ya pili akautua mzigo wake Njingala, kando ya barabara iendayo Kisangani, ambako magari yaliupokea na kuupeleka Kilambo, mahali ndege ziliposhuka juu ya barabara yenyewe, ukasafirishwa hadi Goma. Msomaji wa pwani anayezikumbuka habari za misafara ya Bagamoyo na Tabora ataelewa uzito wa jambo hili nikimwambia kwamba mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 ulikuwa kwa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ilhali huyu wa Bisie alichukua zaidi ya frasila tatu.

Katika safari kama hiyo, kiungo kinachodaiwa kuliko vyote ni goti, na aghalabu hakivunjiki wakati wa kupanda, ijapokuwa hapo ndipo pumzi inapokatika. Hatari imo katika kushuka. Mguu hutangulia, kisigino huzama katika tope au unyayo hunaswa baina ya mizizi miwili, na mwili wa juu, uliokwisha kuelemewa na gunia, hugeuka upande kabla mguu haujapata nafasi ya kugeuka nao. Husikika mlio mdogo, kama wa kamba iliyokatika ndani ya nyama. Mtu huanguka, hunyanyuka, pengine hata hutembea hatua kadhaa akidhani ameponea chupuchupu. Na kabla saa chache hazijapita goti limevimba likawa kama boga, kwa sababu damu imejaa ndani yake.

Ili tujue kilichotokea, sharti tulifungue goti kwa fikira. Mfupa wa paja umekaa juu ya muundi bila shimo la kuushikilia kama lile la nyonga. Ni mafundo mawili ya mviringo yaliyowekwa juu ya uwanda ulio karibu bapa, na mbele yake imefunikwa pia ya goti, ambayo wazee wa pwani waliiita kilegesambwa. Baina ya mifupa hiyo vimelazwa vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali, vinavyopokea kishindo cha kila hatua. Kinachoizuia nyumba hii isibomoke ni kano nne, yaani nyuzi ngumu zinazoufunga mfupa kwa mfupa: mbili za ubavuni, ya ndani na ya nje, na mbili zilizo katikati, zinazopishana kama msalaba. Ile ya msalaba ya mbele, ambayo ndiyo huzungumzwa zaidi, haizidi urefu wa kidole gumba, walakini ina nguvu za ajabu: katika vipimo vilivyotangazwa Marekani mwaka 1991, kano zilizotolewa katika miili ya vijana zilistahimili mvuto wa niutoni 2,160 hivi kabla ya kukatika, ambao ni kama uzani wa magunia manne ya Bisie na ziada. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele wala usijipinde chini ya paja, na mpagazi aliyenaswa mguu huivunja kwa namna hiyo hiyo ya kujipinda.

Kano ya msalaba ya nyuma ina adui mwingine. Yeyote aliyepita katika barabara za Goma ameona chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyobeba makaa, viazi au kabichi kutoka milima ya Masisi. Na akiitazama kwa karibu ataona kipande cha kandambili kuukuu kilichogongomelewa juu ya ubao, ambapo msukumaji huegemeza goti moja huku mguu wa pili ukipiga ardhi. Kipande kile cha mpira ni hekima ya watu waliojifunza kwa maumivu. Goti lililokunjwa, likipigwa kwa mbele juu ya muundi, ama na ubao, ama na jiwe, ama kwa ajali ya pikipiki, husukuma mfupa nyuma, na kano ya msalaba ya nyuma ndiyo inayolipa.

Si kila kano iliyochanika ni msiba wa aina moja, na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mgonjwa aambiwe siku ya kwanza. Kano ya ubavu wa ndani, inayoumia goti linaposukumwa kuingia ndani, imezungukwa na nyama zenye damu ya kutosha, na aghalabu hupona yenyewe kwa majuma kadhaa, alimradi ilindwe na goti liendelee kutembezwa kwa kiasi. Ile ya msalaba ya mbele imo ndani ya maji ya kiungo, ambamo damu haigandi ikawa daraja la kuunganisha ncha mbili. Kwa hiyo aghalabu ncha hizo hubaki zimeachana, ingawa picha za sumaku za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya watu huungana tena bila kisu, jambo ambalo vitabu vya zamani vililikataa katakata.

Mtabibu hutambua jeraha hili kwa mikono mitupu. Mgonjwa hulala chali, goti likakunjwa kidogo tu. Mkono mmoja hulishika paja kwa uthabiti, wa pili huushika muundi na kuuvuta mbele. Katika goti zima, mfupa husogea kidogo kisha hukoma ghafula, kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba. Katika goti lililochanika husogea, ukasogea, usikutane na kizuizi. Mtihani huu uliandikwa mwaka 1976 na Joseph Torg na wenzake, wakaupa jina la John Lachman wa Philadelphia, na haudai umeme wala mashine, hata zahanati ya msituni yaweza kuufanya. Kadhalika ipo kanuni ya Ottawa ya kuamua nani apigwe picha ya eksirei: mwenye miaka 55 au zaidi, mwenye maumivu akibonyezwa juu ya pia ya goti au kichwa cha mfupa mwembamba wa upande wa nje, asiyeweza kulikunja goti hadi pembe ya nyuzi 90, au asiyeweza kupiga hatua nne. Na mguu ukiwa baridi, umekufa ganzi, au mapigo ya damu hayasikiki katika unyayo, mgonjwa asingoje hata saa moja, maana huenda mshipa mkuu wa damu nyuma ya goti umeumia na mguu wenyewe umo hatarini.

Majeruhi wa kwanza anayetajwa katika historia ya upasuaji wa kano hizi, nalo ni jambo linalonigusa kila nilisomapo, alikuwa mchimba migodi. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, tabibu Arthur Mayo Robson alilifungua goti la mtu wa miaka 41 aliyekuwa ameangukiwa na udongo mgodini wiki 36 kabla, akakuta kano zote mbili za msalaba zimeng'oka, akazishona kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Habari yake ilipochapishwa mwaka 1903, ilielezwa kwamba mtu yule alikuwa amerudi kufanya kazi.

Lakini kano ni nusu tu ya habari. Siku chache baada ya goti kujaa maji, msuli wa mbele ya paja huanza kunywea, hata mgonjwa asiyeacha kula akashangaa kuona paja moja limekuwa jembamba kuliko la pili. Wengi hudhani ni kwa kukaa tu. Hakika ni kwamba goti lililovimba hupeleka habari katika uti wa mgongo, na uti wa mgongo huuamuru msuli unyamaze. Mtu hukaza kwa nguvu zake zote, msuli usiitike, wala si uvivu wake. Fauka ya hayo, kano yenyewe haikuwa kamba tu: ndani yake mlikuwa na neva zilizokuwa zikiuarifu ubongo, hata gizani, goti limekunjwa kiasi gani na linaelekea wapi. Ikichanika, goti huwa kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo, na mtu hulalamika kwamba mguu "unamtoroka" akishuka mteremko.

Hapa ndipo kazi ya mtaalamu wa viungo, ambaye huku Kongo watu humwita kine, inapoanza, na msingi wake uliwekwa katika vita. Mnamo miaka ya 1940, tabibu kijana wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akihudumia askari katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, aliona wodi zimejaa vijana wenye magoti mabovu, wanaopewa mazoezi mepesi yasiyokwisha na wasiopata nafuu. Yeye aliwafunga vyuma miguuni, akawaongezea uzani kila juma kadiri nguvu zilivyorejea, akatangaza matokeo mwaka 1945. Baadaye alipanga utaratibu ambao hata leo unafuatwa: mara kumi kwa nusu ya uzani, mara kumi kwa robo tatu, mara kumi kwa uzani kamili ambao mtu huweza kuunyanyua mara kumi tu.

Na asije mtu akasema kwamba mazoezi ni tiba ya maskini aliyekosa upasuaji. Mwaka 2010, Richard Frobell na wenzake wa Lund, nchini Sweden, ambako vyumba vya upasuaji havina uhaba, walitangaza habari za vijana 121 waliochanika kano ya msalaba ya mbele, wakagawanywa kwa kura: wote walipewa mazoezi, lakini kundi moja lilipasuliwa mapema, na la pili liliambiwa lingoje, atakayeona goti halitulii apasuliwe baadaye. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo mawili zilikuwa sawa, na katika watu 59 wa kundi la kungoja, 36 hawakupasuliwa kano. Upasuaji una mahali pake, hasa kwa goti linaloendelea kumtoroka mtu, au kipande cha hilali kilichokwama na kulifunga goti lisinyooke. Ila hata aliyepasuliwa hupitia njia ile ile ya mazoezi.

Njia hiyo yaweza kutembewa kwa vitu vya nyumbani. Siku za mwanzo mguu huinuliwa, hufungwa bandeji isiyobana mno, na hauvutwi wala haukandwi kwa nguvu. Wazee wanaokanda kwa majivu ya moto wana nia njema, lakini goti lililojaa damu mbichi huvimba zaidi kwa joto na msukumo. Jambo la kwanza kudaiwa ni goti linyooke kabisa: kitenge kinaviringishwa na kuwekwa chini ya kisigino, mgonjwa huachia goti lishuke, kisha hulisukuma chini akihesabu hadi tano, mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Wengi hulidharau zoezi hili kwa kuwa halina jasho, na nimesadiki kwamba dharau hiyo ndiyo inayowaacha wengi wakichechemea, maana goti lisilonyooka katika majuma ya kwanza huwa gumu sana kunyooshwa baadaye. Hufuata kukivuta kisigino kuelekea makalioni, kuinua mguu ulionyooka, kusimama na kukaa juu ya kigoda, kupanda na kushuka gogo fupi. Mfuko wa mchanga uliopimwa hufanya kazi ya chuma cha DeLorme, na mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa ukanda hufanya kazi ya kamba za mazoezi. Misuli ya nyuma ya paja isisahauliwe, kwani ndiyo inayouvuta muundi nyuma na kushika zamu ya kano iliyokatika. Kipimo cha kila siku ni asubuhi: goti likiamka limenenepa kuliko jana, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa, upunguzwe.

Jijini Goma hapakukosekana watu wa kuongoza kazi hii: hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na tabibu wa mifupa Kasereka Lusi pamoja na mkewe Lyn, na kituo cha Shirika la Umoja kimehudumia walemavu kwa miaka mingi. Lakini Goma iko mbali na Bisie, na njia ya Masisi imekatwa mara nyingi na vita. Mwezi Machi 2025 wapiganaji walipokuwa wakikaribia Walikale, hata mgodi wenyewe ulisimamisha kazi. Waama, kinachowakosesha tiba wapagazi hawa zaidi ya umbali ni muda. Watafiti wa Norway walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa wanamichezo waliopasuliwa, kila mwezi wa kungoja hadi wa tisa ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa nusu hivi. Na mpagazi hulipwa kwa mzigo, hana mwezi wa kungoja, seuze tisa. Hulifunga goti kitambaa, akarudi njiani juma la tatu, na safari hii kano iliyobaki, gegedu na zile hilali mbili ndizo zinazosagwa.

Kwa hiyo kine mwenye busara hamwambii mtu kama huyo "pumzika" akaishia hapo. Humpa kazi ya kukaa kitako ikiwa ipo, humwomba msimamizi ampunguzie uzani, na humwekea mtihani ulio wazi kabla ya kushika gunia. Asimame kwa mguu ulioumia juu ya gogo, macho yamefumbwa, kama anayevuka mto wakati wa giza. Ashuke kutoka juu ya gogo lile kwa mguu huo mmoja, polepole, mara kumi, huku mwenzake amechutama mbele yake akilitazama goti kama linalegea kuingia ndani. Kisha ajaribu na kilo tano mgongoni, juma lijalo na kumi, na goti lililo zima lifanye vilevile kando yake, ili hayo mawili yalinganishwe.