Rotorua: Watalii wa meli wanapobisha hodi kwenye ardhi inayochemka

MELI kubwa ya kitalii inapofunga gati katika bandari ya Tauranga, pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, kitu cha kwanza abiria wanachokiona ni mlima mdogo uliosimama peke yake kando ya maji. Wamaori huuita Mauao, yaani aliyenaswa na mapambazuko. Simulizi zao zinasema mlima huo ulikuwa ukiburutwa usiku kwenda kujitosa baharini kwa majonzi ya mapenzi, jua likachomoza kabla haujafika, nao ukabaki pale pale.

Chini ya mlima huo mabasi huwa yamejipanga yakisubiri. Abiria wanaonunua matembezi ya nchi kavu husafirishwa kwa muda wa saa moja hivi kuelekea kusini hadi mji wa Rotorua, wakazungushwa huko kwa saa chache na kurejeshwa bandarini kabla meli haijang'oa nanga jioni. Katika muda huo mfupi huahidiwa mambo mawili: ardhi inayochemka na utamaduni wa Wamaori.

Vipeperushi vya utalii huyaorodhesha mambo hayo kana kwamba ni bidhaa mbili tofauti. Ukweli ni kwamba kwa watu wa Rotorua ni jambo moja. Mvuke ambao mgeni huupiga picha ni jiko la mtu, ni bafu lake, na wakati mwingine umekuwa kaburi la jamaa zake. Asiyelifahamu hilo anaweza kurudi melini akiwa ameona kila kitu na asielewe chochote.

Moto watoka wapi?

Anayeingia Rotorua hupokelewa kwanza na harufu. Ni gesi ya salfa, inayonuka kama mayai viza, ambayo hutoka kwenye nyufa za ardhi, pembezoni mwa ziwa na hata katikati ya bustani za mji.

Wanasayansi wanaeleza kuwa chini ya eneo hilo mabamba mawili ya gamba la dunia yanakutana. Bamba la Pasifiki linadidimia chini ya bamba la Australia, na katika kudidimia huko miamba huyeyuka na joto kupanda juu. Matokeo yake ni ukanda wa volkano unaoanzia kisiwa cha Whakaari, baharini, ukapitia Rotorua na Taupo hadi milima ya Tongariro na Ruapehu, katikati ya kisiwa.

Wamaori nao wana maelezo yao. Kabila la Te Arawa, wenyeji wa Rotorua, huhesabu asili yao kutoka kwa mabaharia waliovuka Pasifiki kwa chombo kilichoitwa Te Arawa na kutua Maketu, si mbali na Tauranga ya leo. Ndani ya chombo hicho alikuwamo kuhani Ngatoroirangi. Inasimuliwa kuwa alipanda mlima Tongariro, baridi ikamzidi akawa karibu kufa, ndipo alipowaita dada zake waliobaki Hawaiki, nchi ya asili, wamletee moto. Moto huo ulipita chini ya bahari na ardhi. Kila ulipoibuka kuvuta pumzi, chemchemi za moto zikabaki.

Ukiifuatisha njia ya moto huo katika simulizi, kuanzia Whakaari hadi Tongariro, utaikuta inalingana na ukanda wa volkano unaochorwa na wanasayansi kwenye ramani zao.

Namna chemchemi inavyofoka

Kivutio kikubwa katika bonde la Whakarewarewa ni chemchemi ya Pohutu, ambayo hufoka mara nyingi kwa siku na inaweza kurusha maji hadi urefu wa meta 30.

Ufokaji huo una kanuni yake. Maji yaliyo chini kabisa ya mfereji mwembamba hukandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, hivyo hayachemki hata yapitapo nyuzi joto 100. Joto linapozidi, mapovu ya mvuke husukuma sehemu ya maji nje. Uzito hupungua ghafla, maji yaliyobaki huchemka kwa mpigo mmoja, na sehemu inayogeuka mvuke huyarusha mengine angani.

Katika eneo la Wai-O-Tapu, kusini mwa Rotorua, ipo chemchemi nyingine iitwayo Lady Knox ambayo hufoka kila siku saa 4:15 asubuhi. Hiyo haifoki kwa hiari yake. Mhudumu huitia sabuni, ambayo hulegeza mpaka kati ya maji ya juu yaliyo baridi na yale ya chini yaliyo moto, na chemchemi ikalipuka mbele ya watazamaji. Siri hiyo iligunduliwa na wafungwa waliokuwa wakifua nguo zao hapo mwanzoni mwa karne ya 20.

Jiko, bafu na makaburi

Whakarewarewa si hifadhi isiyo na watu. Ndani yake kuna kijiji ambamo familia za ukoo wa Tuhourangi Ngati Wahiao zinaishi hadi leo. Chakula huwekwa ndani ya visanduku vya mbao vilivyojengwa juu ya matundu ya mvuke kikaiva bila kuni wala umeme. Mahindi na mboga hufungwa na kutumbukizwa katika dimbwi linalochemka. Maji ya moto huelekezwa kwa mifereji hadi kwenye mabafu ya wazi, ambamo wanakijiji huoga.

Hata maziko yamefuata hali ya ardhi. Kwa kuwa huwezi kuchimba shimo mahali ambapo mvuke unasubiri chini ya jembe, makaburi yamejengwa juu ya uso wa ardhi. Mtalii anayepita na kamera yake anapita, kwa hiyo, uani kwa watu na mbele ya wafu wao.

Biashara iliyozikwa kwa usiku mmoja

Wapo wanaodhani kuwa Wamaori waliingizwa katika utalii na kampuni za meli. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19 watu wa Tuhourangi walikuwa tayari wakiiendesha biashara hiyo kutoka kijiji chao cha Te Wairoa, karibu na mlima Tarawera. Kivutio kilikuwa ngazi mbili za asili, moja nyeupe na nyingine ya waridi, zilizojengeka kwa madini ya silika yaliyoachwa na maji ya moto yakiteremka ziwani Rotomahana. Wenyeji ndio waliotoza ada, waliopiga makasia na waliowaongoza wageni.

Walifanikiwa kiasi kwamba katika nyumba yao ya mikutano iitwayo Hinemihi, iliyofunguliwa mwaka 1881, inaelezwa kuwa macho ya sanamu za wahenga yalitiwa sarafu za dhahabu badala ya magamba ya paua yaliyozoeleka.

Mwisho wa mwezi Mei 1886, kiongozi wa watalii Sophia Hinerangi na wageni wake walisema wameona ziwani mtumbwi wa kivita usiojulikana, ambao ulitoweka. Wazee waliuchukulia kuwa ishara mbaya. Siku 11 baadaye, usiku wa kuamkia Juni 10, mlima Tarawera ulipasuka. Watu wapatao 120 walikufa, wengi wao Wamaori. Ngazi zile za silika zikatoweka na Te Wairoa ikafukiwa na majivu na matope. Zaidi ya watu 60 waliokoka kwa kujibanza katika nyumba ya Sophia, na wengine ndani ya Hinemihi.

Watu wa Tuhourangi, wakiwa wamepoteza makazi na riziki, walipokewa na jamaa zao wa Whakarewarewa. Sophia naye akaendelea na kazi ya kuongoza wageni huko. Wanawake wanaoitembeza misafara kijijini leo wanafuata nyayo zake na za Makereti Papakura, kiongozi maarufu aliyefika hadi Chuo Kikuu cha Oxford na ambaye kitabu chake kuhusu maisha ya kale ya Wamaori kilichapishwa mwaka 1938, miaka minane baada ya kifo chake.

Nyumba ya Hinemihi haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1892 iliuzwa kwa gavana aliyekuwa akimaliza muda wake, Lord Onslow, kwa pauni 50, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi bustani ya jumba lake nchini Uingereza. Ni mfano wa mgeni aliyependa alichokiona hadi akaondoka nacho.

Mgeni ana wajibu wake

Sherehe ya kuwapokea wageni, inayoitwa powhiri, mara nyingi huonekana na abiria wa meli kama ngoma ya kuwafurahisha. Asili yake ni nzito zaidi. Shujaa mwenye silaha hutoka mbele na kuweka chini jani au kijiti. Mwakilishi wa wageni akikiokota bila kuondoa macho, huwa ametamka kwamba wamekuja kwa amani. Kisha mwanamke huita kwa sauti ndefu, akiwakaribisha wageni pamoja na wafu wao. Hufuata hotuba, nyimbo, na hongi, yaani kugusanisha pua ili watu washiriki pumzi moja. Chakula huja mwisho, nacho ndicho huondoa mwiko uliokuwa kati ya pande mbili.

Nyumba inayoingiwa baada ya hapo ni mwili wa mhenga. Boriti ya juu ni uti wa mgongo, pau ni mbavu, na mbao za mbele zinazoteremka kutoka kwenye kilele ni mikono iliyofunguliwa. Ndiyo maana mgeni huombwa avue viatu.

Visima vilivyotishia Pohutu

Joto hilo la ardhini lina kikomo. Katika karne iliyopita nyumba na hoteli za Rotorua zilichimba mamia ya visima kujipatia maji ya moto ya bure. Chemchemi zikaanza kudhoofika. Mojawapo, Papakura, ilinyamaza mwaka 1979.

Mwaka 1986 Serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilometa 1.5 kutoka Pohutu vifungwe. Uamuzi huo uliwaudhi wakazi wengi, lakini maji yalipanda tena, na Papakura ikarejea kufoka mwaka 2015.

Umiliki nao umekuwa ukirejea taratibu. Sheria ya mwaka 1881 iliipa Serikali mamlaka juu ya ukodishaji wa ardhi ya Wamaori yenye chemchemi za moto. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2020, sheria nyingine ilipitishwa kuikabidhi kwa koo za wenyeji taasisi ya sanaa na ufundi ya Wamaori iliyo kwenye bonde la Whakarewarewa, ambako vijana hufundishwa kuchonga na kusuka.

Funzo la Whakaari

Wapo abiria ambao hawakurudi melini. Desemba 9, 2019, meli ya Ovation of the Seas ikiwa Tauranga, baadhi ya abiria wake walichagua matembezi ya kwenda kisiwa cha Whakaari, pale pale ambapo moto wa Ngatoroirangi unasimuliwa kuibukia. Wiki tatu kabla, wataalamu walikuwa wamepandisha kiwango cha tahadhari ya volkano hiyo hadi cha pili. Saa 8:11 mchana ililipuka. Kati ya watu 47 waliokuwa kisiwani, 22 walifariki dunia, na miili ya wawili haikupatikana. Wamaori wa pwani hiyo waliweka rahui, yaani marufuku ya kimila ya kuvua na kuingia katika maji yale, kwa heshima ya marehemu.

Kesi zilifuata. Kampuni inayomiliki kisiwa ilitiwa hatiani mwaka 2023, lakini Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo Februari 2025, ikisema wajibu wa usalama wa matembezi hayo haukuwa wake. Kwa familia za waliokufa, swali la nani alipaswa kusema "leo hapaendeki" halijapata jibu jepesi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawako mbali na habari hii. Wahandisi kadhaa wa Kenya walisomea jotoardhi katika Chuo Kikuu cha Auckland, na mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umezalisha umeme tangu mwaka 1981. Huko nako familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha upanuzi wa mitambo, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Kila ardhi inapochemka, hoja huwa ile ile: moto huu ni wa nani, na nani anaulizwa kabla haujatumiwa?

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Abiria wa meli halali Rotorua. Ana saa chache tu. Lakini saa hizo zinatosha kwa mambo machache: kukanyaga njia iliyoonyeshwa, kumsikiliza mwenyeji hadi amalize, kununua kilichochongwa na mikono ya pale, na kuuliza kabla ya kupiga picha. Basi linapogeuka kurudi Tauranga, mvuke huendelea kupanda, na wanakijiji hufungua visanduku vyao kuangalia kama chakula cha jioni kimeiva.