Mapapi wa AI: Hasla Inadai Kichwa

 Huku kwetu Kitale na Bungoma, AI, yaani kupandisha kwa mbegu bila dume kuwepo, si story ngeni. Stesheni ya Kabete ilianza 1946 kusambaza mbegu za ng'ombe, na mathe yeyote wa Kiminini anajua ng'ombe ikiingia joto asubuhi, jioni inapigwa mbegu. Sasa mbogi imechanuka: jike ya Maltese ama Chihuahua uko nayo kejani, dume ya maana iko Nairobi, karibu kilomita 380. Mbona usiitishe mbegu tu?

Na hii kitu ilianza na dogi. 1780 padri Mtaliano, Lazzaro Spallanzani, aliwekea jike mbegu. Siku 62 baadaye ikadondosha watatu.

Lakini usikuje na hesabu ya ng'ombe. Jike ya dogi hutoa damu kama siku tisa kabla ikubali dume, na kila moja iko na ratiba yake. Hata mayai yakishuka, yanangoja kama siku mbili ndio yaive. Kwa hivyo daktari hatumii macho tu: anatoa damu mara kadhaa apime homoni ya projesteroni. Mbegu freshi inaweza kaa siku kadhaa ndani ya jike. Ya baridi, ile inasafirishwa kwa nyuzi 4 ama 5, haina huo muda wote. Iliyogandishwa ikiyeyushwa, una kama siku moja tu. Ukikosea deti, kaa ngumu: joto ingine inakuja baada ya kama miezi sita, na doo ya kwanza imeenda.

Halafu kuna soo ya kuzaa. Dogi ndogo hubeba papi wachache, wakati mwingine mmoja tu, na huyo mmoja akinona kichwa anakwama. Hapo ni operesheni, na inaweza kukupata saa nane ya usiku. Jike akishazaa, kalisiamu inaweza kushuka akinyonyesha, aanze kutetemeka. Hapo usigoogle, kimbiza yeye kwa daktari.

Pia usidanganyike ati AI inaua magonjwa yote. Ugonjwa wa brusela hupitia hata kwa mbegu, so dume na jike wapimwe kwanza. Na ukidai kuuza papi kama pyua, hakikisha wazazi wamesajiliwa na East Africa Kennel Club. Picha kali ya WhatsApp si karatasi.

Kwa hivyo wasee, kabla uitishe mbegu, tafuta daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, muulize kama anajua kazi ya dogi na kama anaweza kupasua usiku. Weka doo ya operesheni kando. Kama huna hizo mbili, lea dogi yako vizuri, chanja kichaa cha mbwa, na uachane na biz ya mapapi.