Sheria Tatu Ambazo Aristotle Hakuziandika

Kila muhula swali ni lile lile, aulize mwanafunzi wa Kahawa, wa Ruiru au wa Thika: "Mwalimu, tamthilia ya *Kinjeketile* imevunja sheria ngapi za Aristotle?" Mwaka huu kuna aliyeuliza hivyo kuhusu *Bembea ya Maisha*. Hakuna iliyovunjwa, jamani. Hizo si sheria za Aristotle.

Mnazijua. Zimo katika kila mwongozo uliopigwa fotokopi na kubanwa kwa stepla kwenye saiba zetu: tamthilia lazima iishe ndani ya siku moja, ifanyike mahali pamoja na iwe na tukio moja. Eti Aristotle aliagiza, Wagiriki wakatii.

Tuanze na kalenda, maana hii haihitaji shahada. Sophocles, mtunzi mkubwa wa tanzia za Kigiriki, alifariki mwaka 406 K.K. Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K. Angemwamrishaje mtu aliyekwisha kuzikwa miaka zaidi ya 20? Aristotle alikuwa mhakiki; alieleza tamthilia alizozikuta. Tena kijitabu chake kuhusu utunzi, *Poetika*, ni chembamba hivi kwamba msongamano mmoja wa Barabara ya Thika unatosha kukimaliza. Anayekisoma ataona kwamba anachokisisitiza ni umoja wa tukio. Suala la wakati analitaja kwa kupita tu: tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua, au kuuzidi kidogo. Sheria ya mahali haimo kabisa.

Zitazameni tamthilia zenyewe. *Eumenides* ya Aeschylus, ya mwaka 458 K.K., inaanzia Delphi na kuishia Athens. Katika *Agamemnon*, iliyochezwa pamoja nayo, mlinzi anaona usiku moto wa kutangaza kwamba Troy imeanguka, na kabla mchezo haujaisha mfalme amekwisha kuvuka bahari na kufika nyumbani. Katika *Ajax* ya Sophocles tunatoka kwenye hema tukaenda ufukoni. Warumi nao hawakujali: Plautus anamtuma mateka mmoja mji wa mbali na kumrudisha katika mchezo huo huo, na Terence ana komedi ambayo usiku mzima unapita katikati yake.

Nani basi alizitunga? Mwitaliano Castelvetro ndiye aliyezifunga pamoja zote tatu na kuzifanya amri mwaka 1570. Wafaransa wakazipokea kwa bidii, hata mwaka 1637 mtunzi Corneille akashambuliwa vikali kwa ajili ya tamthilia yake *Le Cid*. Yaani mwanafunzi wa Ruiru anakariri ugomvi wa Paris akidhani ni hekima ya Athens.

Ni kweli kwamba tamthilia nyingi za Kigiriki hukaa mahali pamoja. Sababu ni ya kazi. Hapakuwa na pazia wala taa. Watu waliigiza mchana peupe, na korasi ya waimbaji 15 ikishaingia uwanjani kwa kawaida haitoki hadi mwisho. Unawahamishaje wote hao? Aliyeona jukwaa la wazi atanielewa upesi, kama lile ambalo wanakijiji wa Kamiriithu, kaunti hii hii yetu ya Kiambu, walijijengea mwaka 1977 na serikali ikalibomoa mwaka 1982.

Kosa la tarehe ningelisamehe. Kinachoniudhi ni kwamba msomaji mwenye orodha mkononi haoni kitu. Anafika kwenye *Mfalme Edipode* ya Sophocles, anaandika "siku moja, mahali pamoja", anapiga tiki na kuondoka. Yule mjumbe kutoka Korintho amempita hivi hivi! Mzee huyo amekuja na habari anayodhani ni njema: Polybus, mfalme wa huko ambaye Edipode anadhani ni baba yake, amekufa; Edipode aje atawale. Edipode bado anaogopa kumwoa mama yake, kama alivyotabiriwa. Mjumbe, kwa nia safi ya kumtuliza, anamwambia usiogope, wale wa Korintho hawakukuzaa. Mimi mwenyewe nilikupokea mchanga kutoka kwa mchungaji. Faraja hiyo ndiyo inayommaliza. Maovu yenyewe, kumuua baba na kumwoa mama, yalitendeka miaka mingi nyuma. Jukwaani kuna uchunguzi tu, na mchunguzi ndiye mshukiwa. Hapo ndipo pa kukaa, si kwenye saa.

Basi, kwa anayetaka kuisoma historia hii kwa dhati, ushauri wa haraka haraka: usingoje shahada yenye jina la Ugiriki. Chukua fasihi au sanaa za maonyesho, kisha ng'ang'ania kozi ya historia ya tamthilia. Anza na *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971. Isipokuwapo dukani, msumbue mkutubi. Fuatisha *The Island* ya Fugard, Kani na Ntshona, ambamo wafungwa wanaigiza *Antigone* ya Sophocles. Matini za Kigiriki na Kilatini, pamoja na tafsiri nyingi za Kiingereza, zipo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus. Lugha hizo unaweza kuzianza baadaye. Vyuo vikuu vya Legon na Ibadan vina idara za taaluma hii ya Kigiriki na Kilatini. Warumi msiwaruke: someni Terence, Mwafrika wa Carthage aliyepelekwa Roma akiwa mtumwa, na tamthilia zake zote 6 zipo. Ile ya mama mkwe ilikatizwa mara mbili, kwanza kwa sababu ya mabondia na mtembea kambani, kisha kwa uvumi kwamba kuna wapiganaji wa upanga. Mara ya tatu ikachezwa hadi mwisho.